Magauni Matatu ya Kijivu

Kitu cha kwanza alichokiona Maznah ni kidole gumba cha mguu wa Mak Su. Mdomo wa Mak Su ulikuwa unasema, "Siimbi, nimeshasema siimbi," lakini chini ya meza ya cherehani kidole kile kilikuwa kinapiga mapigo taratibu, kama mtu anayengoja zamu yake ya kuingia kwenye wimbo.

Maznah hakusema kitu. Alikuwa na pini mdomoni, na mwenye pini mdomoni haulizwi maneno. Hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya yeye kuupenda ushonaji.

Chumbani walikuwa wanne: yeye, mama yake aliyeitwa Sapiah, na ndugu wawili wa mama yake. Mkubwa wao alikuwa Rubiah, ambaye Maznah alimwita Mak Long, kama anavyostahili mama mkubwa. Mdogo alikuwa Mahani, Mak Su, kitinda mimba. Watu wa makamo wa kijiji cha Parit Selasih, na hata wa mjini Muar, wakiwaona watatu hao wamefuatana sokoni walinong'onezana, "Wale wa televisheni." Maana mwaka wa sitini na sita, wakiwa wasichana, walikwenda Kuala Lumpur wakaimba wimbo mmoja kwenye kipindi cha Jumamosi, kile cha nyimbo na vichekesho ambacho nchi nzima ilikuwa ikiacha vyombo bila kuoshwa ili ikitazame.

Sasa Hasnita, binti wa Mak Long, alikuwa anaolewa, na Mak Long alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu na kwa ndugu zake. Kabla sauti hazijakauka, watatu wapande tena jukwaani waimbe ule wimbo mbele ya wageni. Tena si kwa kanda. Alikuwa ameshawapata wazee wa magitaa kutoka mjini.

"Siku hizi mtu anapanda na kanda mfukoni," alikuwa akilalamika. "Mdomo huku, sauti kule. Sisi tuliimba na koo zetu! Ukikohoa, taifa zima limekusikia unakohoa."

"Na ukijamba je?" akauliza Sapiah.

"Sapiah!"

"Nauliza tu, dada. Maana ulikuwa umekula maharage mengi ya jeringi siku ile."

Wakacheka wote, hata Mak Su. Lakini kicheko kilipoisha, kitambaa kilikuwa bado kipo mezani. Mak Long alikuwa amekileta mwenyewe, jora zima la njano, ile njano ya kung'aa kama kiini cha yai. Magauni matatu, rangi moja, kama ya televisheni.

"Njano ni ya sultani," alisema Mak Su. "Sisi ni wa Parit Selasih. Na haikuwa njano."

"Yangu ilikuwa njano."

"Yako."

Hapo ndipo penye mfupa. Maznah alikuwa ameisikia hadithi hiyo kwa vipande tangu utotoni. Mwaliko ulipokuja, bibi yake, mama wa wale watatu, hakuwa na uwezo wa kununua kitambaa cha wasichana watatu. Alipata kipande cha njano dukani kwa Mchina, kikatosha gauni la Rubiah. Gauni la Sapiah lilikuwa la buluu, la kuazima kwa binti wa mwalimu. La Mahani, bibi alifungua sanduku akatoa kebaya, blauzi yake ndefu ya ndoa, ya rangi ya waridi, akaifumua mshono kwa mshono. Kisha akayatengeneza yote matatu kola moja na mkono mmoja, akasema, "Nendeni. Televisheni haijui rangi."

Na kweli haikujua. Waliotazama waliona wasichana watatu ndani ya magauni matatu ya kijivu, sare safi, kama watoto wa fundi mkubwa. Waliporudi kijijini walipokewa kwa sifa. Sare yenu! Nani kawashonea? Rubiah alinyamaza akatabasamu, na ukimya ule ukakua miaka ishirini na sita mpaka ukawa njano.

Kijiji nacho kilikuwa na rangi zake. Tok Bidin, mzee aliyekuwa akitunza ufunguo wa televisheni ya ukumbi wa kijiji, alikuwa akiapa kwamba magauni yalikuwa njano, kwa sababu yeye alikaa karibu na kioo kuliko mtu yeyote. Mkewe alisema kijani. Walikuwa wameshakosana kwa ajili hiyo zaidi ya mara moja, na televisheni yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe.

"Mama wa bwana harusi alituona," alisema Mak Long. "Alisimama nje ya duka la redio Muar, akatuona. Siku ya posa aliniambia, 'Nawakumbuka, mlivaa sare nzuri.' Sasa mnataka nimwambie tulikuwa viraka?"

Mak Su aliinuka. "Dada, mama aliifumua kebaya yake ya ndoa kwa ajili yangu. Alizikwa hana. Nikipanda kule na njano, nimemvua mara ya pili. Tafuteni mwingine."

"Mwingine wapi? Sauti ya chini ni yako! Bila wewe ule wimbo ni nyumba isiyo na nguzo."

"Basi jua thamani ya nguzo."

Akatoka. Kandambili zake zikasikika mpaka barabarani.

Mak Long aliketi akalitazama jora lake. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye sauti, lakini Maznah aliona mabega yake yameshuka kama nguo iliyotolewa kwenye hanga. "Shona njano tatu, mwanangu," akasema. "Atarudi. Ni mkaidi lakini atarudi."

Maznah alishona njano moja, ya Mak Long. Zile nyingine alizipiga chaki tu. Mkasi aliushika mara kadhaa akauweka chini.

Siku chache baadaye Mak Su alipita na kifurushi akakiacha mlangoni, hakuingia. Ndani kulikuwa na kitambaa cha waridi. Maznah akakikata jioni ileile. Kesho yake mama yake naye akaja kusimama nyuma ya cherehani, akajikuna shingo.

"Ukishona njano kwa mmoja na waridi kwa mwingine, mimi nitaonekana nimemuunga mkono nani?"

Maznah akainua mabega.

"Basi nishonee buluu. Safari hii angalau isiwe ya kuazima."

Siku ya harusi ua wa Mak Long ulijaa. Wanaume walikuwa wamekoroga masufuria ya nyama ya viungo tangu alfajiri, wanawake walifunga mayai ya zawadi kwa wageni kwenye vikapu vidogo vya karatasi, na wazee wa magitaa walikuwa wameshaunganisha nyaya zao pembeni mwa jukwaa. Bwana harusi aliletwa kwa matari. Maharusi wakakaa, wakanyunyiziwa maua na mchele, wakala. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka Mak Long alipoingia jikoni kuwaita wadogo zake akawakuta wamevaa.

Buluu. Waridi.

Alisimama mlangoni ndani ya njano yake. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililowatisha.

"Mmekuja kunicheka," alisema.

"Tumekuja kuimba," alisema Mak Su.

"Imbeni. Mimi sipandi. Nikisimama na nyinyi hivyo, yule mama atajua mimi ni mwongo tangu siku ya posa." Akageuka kumtazama Maznah. "Na wewe, kimya chako hiki! Nilidhani ni heshima."

Neno hilo lilimwingia Maznah kama sindano chini ya ukucha. Alitoka nje kwa mlango wa nyuma. Machozi yalikuwa karibu, na alihitaji mahali ambapo hakuna mtu. Lakini kwenye harusi hakuna mahali kama hapo. Alijibanza nyuma ya nguzo ya hema, na hapo alikuwepo Sudin, kijana wa kupiga video, amekaa juu ya kreti anakula wali. Kamera yake ilikuwa juu ya miguu mitatu, imeelekezwa jukwaani.

"Unalia?" akauliza Sudin. "Usilie, utaniongezea chumvi kwenye wali. Njoo utazame wageni, wanachekesha. Weka jicho hapo, kwenye hicho kitundu."

Maznah aliweka jicho ili tu kuuficha uso wake. Ndani ya kitundu kulikuwa na ua wa Mak Long, mdogo kama kadi ya mchezo. Hema, wageni, Tok Bidin anatafuna. Na vyote havikuwa na rangi. Mapambo mekundu ya jukwaa yalikuwa meusi. Nguo za watu zilikuwa majivu na maziwa.

"Imeharibika?" alinong'ona.

"Hapana. Kanda inatoka na rangi zake zote. Hicho kijicho tu ndicho cha kizamani, hakijui rangi."

Maznah aliondoa kichwa. Akarudi jikoni akitembea upesi, kisha akikimbia. Ndugu watatu walikuwa bado wamesimama, kila mmoja akitazama pembe yake. Alimshika Mak Long kiganja.

"Mak Long, njoo."

"Niache."

"Njoo uone." Kisha akawageukia wale wawili. "Na nyinyi, tafadhali, nendeni mkasimame jukwaani. Kusimama tu."

Pengine walimfuata kwa sababu ya mshangao. Hawakuwahi kumsikia akipanga sentensi tatu mfululizo. Sapiah na Mak Su wakapanda kando ya wazee wa magitaa, wakasimama wakiwa hawajui mikono waiweke wapi. Maznah alimpeleka Mak Long nyuma ya kamera, Sudin akasogeza sahani yake, na Mak Long akainama huku akiguna, akaweka jicho.

Akakaa hivyo kwa muda mrefu.

"Mbona wako sawa?" akasema hatimaye.

Akasogeza jicho karibu zaidi.

"Sapiah na Mahani. Wako sawasawa. Gauni moja." Mkono wake ulikuwa umeushika mguu wa kamera. "Mahani anaangalia chini. Siku zote anaangalia chini kabla ya kuimba."

Hapo Maznah alielewa jambo ambalo halikuwahi kumjia akilini. Mak Long hakuwahi kuliona onyesho lao wenyewe. Kijiji chote kililiona, na watu waliosimama nje ya maduka Muar waliliona. Wao watatu walikuwa ndani ya taa, wakitazamwa. Wimbo uliingia hewani, ukaisha, na hakuna aliyeuhifadhi.

"Hivi ndivyo mama alivyotuona," alisema Mak Long. "Pale ukumbini kwa Bidin."

"Hivi hivi," alisema Maznah.

"Na yeye alijua. Wote waliona kijivu, lakini yeye alikuwa akiiangalia kebaya yake." Akainua uso. Wanja ulikuwa umeanza kushuka, na Maznah akaufuta kwa pindo la mkono wake mwenyewe. "Niachie, mtoto. Kaa hapa. Nami nataka nihesabiwe wa tatu."

Akatembea katikati ya wageni, akapanda jukwaani, njano yake ikameremeta mpaka walioko nyuma wakageuka. Akachukua kipaza sauti.

"Tok Bidin!"

"Naam!"

"Yale magauni. Langu tu ndilo lililokuwa njano. Sapiah aliazima. Na huyu," akamshika Mak Su begani, "huyu alivaa kebaya ya ndoa ya mama yetu. Waridi kama hii. Nimewaacha mbishane miaka yote."

Minong'ono ikazuka. Mke wa Tok Bidin akampiga mumewe kiwiko. "Si kijani, lakini na yako si njano!"

"Mimi nilisema waridi tangu mwanzo!" alifoka Tok Bidin. "Muulizeni yeyote aliye hai!"

Ua ukaangua kicheko. Mama wa bwana harusi, pale kwenye viti vya mbele, alikuwa ameweka mkono kifuani. "Masikini, kebaya yake ya ndoa," alimwambia jirani yake, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Mimi ya kwangu nimemnyima hata binti yangu." Kisha akawapigia makofi kabla hawajaimba.

Gitaa la kwanza likaanza. Sapiah akaingia mapema, akajiziba mdomo, wazee wa magitaa wakacheka bila kuacha kupiga wakazunguka tena mwanzo. Mara ya pili wakaingia pamoja. Sauti ya Mak Long haikuwa tena ya msichana, ilikuwa na mchanga ndani yake. Ya Sapiah ilitetemeka juu. Chini yao ikapita ya Mak Su, pana, tulivu, ikawabeba wote wawili. Jogoo wa jirani aliwika katikati ya ubeti, akawa naye ameimba. Wapishi walisimama na miiko mikononi. Wanawake wenye umri wao walikuwa wakitikisa vichwa taratibu, na usoni mwao Maznah aliona ukumbi wa kijiji, mikeka, Jumamosi, mama zao wakiwa hai.

Aliweka jicho kwenye kitundu akawatazama kijivu. Akalitoa akawatazama kwa rangi. Akashindwa kuamua, akabaki akisikiliza tu.

Wimbo uliisha. Makofi yakapanda kama mvua juu ya bati. Watatu wakainamisha vichwa kama walivyofundishwa zamani, mpiga gitaa mmoja akainama kuchomoa waya, na Mak Su akakunja pindo la gauni lake ili ashuke.

Maznah alikuwa amesimama kando ya kamera. Shule aliiacha darasa la nne, na hata kabla ya kuiacha alikuwa ameshaachwa nyuma, kwa sababu mwalimu alisoma haraka naye hakuweza kuinua mkono. Sokoni akipunjwa, alikwenda zake. Maishani mwake hakuwahi kumwomba mtu yeyote arudie kitu.

"Tena!" alisema, kwa sauti iliyofika jukwaani. "Mak Su, imbeni tena!"