Pengo la Sumaili

Wivu wa mume wangu Hamadi ungeivisha maharagwe bila kuni. Nasema hivyo nami nampenda.

Yeye na Sumaili ndio walioanzisha Radi ya Kasuku, bendi ya kwanza hapa Kindu kupiga soul na funk. Hamadi alishika gitaa la solo, Sumaili besi. Sasa, kwetu Zaire mwenye solo ndiye bwana harusi, mwenye besi ni mbeba viti. Lakini funk ni muziki wa sauti za chini. Watu walimpita Hamadi na vidole vyake vyote, wakaenda kucheza mbele ya Sumaili, aliyesimama tu na suruali yake pana akivuta nyuzi mbili. Hata mimi nilicheza upande huo. Hamadi aliniona, na siku ile hakugusa ugali wangu.

Halafu Sumaili akaitwa na bendi ya Kisangani, akapanda boti ya Ubundu, njia ya kwenda huko. Hamadi alifurahi mpaka akawanunulia watoto wa jirani mandazi. Alidhani sasa sifa zitabaki kwake. Kumbe sifa hazikupanda boti: kila bendi mpya ilitaka mwendo wa besi wa Sumaili.

Siku moja akavuka mto kutoka Alunguli fundi mmoja wa reli, Zéphirin, pamoja na bendi yake. Chama tawala kilikuwa kimekataza majina ya Kizungu, ila mama yake aliendelea kumwita hivyo. Waliomba wafundishwe mwendo ule. Hamadi akachukua besi, akaupiga vizuri, lakini kwenye pigo la kwanza, lile zito ambalo funk yote huliegemea, akanyamaza. Akaacha pengo.

"Mzee Hamadi," Zéphirin akauliza, "hapa pa mwanzo hakuna kitu?"

"Hakuna. Njo vile Sumaili anapigaka."

Walipoondoka nikamuuliza, "Baba Jeannette, mbona umewafundisha mubaya?"

"Acha wapige. Watu wakicheka, watamucheka Sumaili."

Hakuna aliyecheka. Besi iliponyamaza, mchezaji alibaki na mguu mmoja hewani, na iliporudi alishuka nao, akataka tena. Isitoshe, waimbaji wetu wana desturi ya kutupia ndani ya wimbo jina la mtu wanayemheshimu. Mwimbaji wa Alunguli aliona pale pana nafasi, akatupia: Sumaili! Kufika kiangazi, baa nzima iliitikia. Bendi za Kailo na Lokandu zikaiga. Hata kikundi cha chama kiliacha pengo lile katikati ya nyimbo za kumsifu Kiongozi.

Ndipo Sumaili akaja likizo. Tulikaa naye meza moja kwenye baa, akawasikiliza vijana wa Alunguli akiwa ameinamisha kichwa. Niliona kabisa kwamba anasikia kitu kigeni.

Zéphirin akaja kumsalimia kama kaka mkubwa. "Yaya Sumaili, tumepiga muzuri? Mzee Hamadi njo alitufundisha mukono yako."

Sumaili akamtazama Hamadi. Hamadi akatazama viatu vyake. Alihitaji kusema tu kwamba pengo lile ni lake, lakini angeulizwa kwa nini alilitia jina la mwenzake.

"Njo yenyewe," Sumaili akasema, akitabasamu. "Njo vile nilipigaka."

Hapo wivu ukanipanda mimi. Pengo lile lilitengenezwa nyumbani kwangu, juu ya kiti changu. Wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hawakusema kwamba jirani atakunywa maji. Nikamkanyaga Hamadi chini ya meza.

"Sema."

"Niseme nini, Mama Jeannette?"

Bendi ikaanza tena. Besi iliponyamaza, nikaita jina la mume wangu kwa nguvu zangu zote. Hakuna aliyelisikia, hata yeye. Alikuwa anaita Sumaili pamoja na wengine.