Hasira za Mpiga Pasi

Wiki ya kwanza baada ya mahafali nilimponya Kaka Makaa hasira zake, na kufikia Ijumaa nilikuwa karibu kumfukuzisha kazi.

Kaka Makaa ndiye mpiga pasi katika duka la shangazi la kufua nguo. Alikuwa anafika asubuhi amekunja uso, kama vile mlango umemkosea na sabuni imemkosea. Aliikandamiza pasi huku akizozana na watu wasiokuwepo: shemeji yake, mwenye nyumba wake, refa wa mechi ya mwaka juzi.

Mimi nilikuwa na shahada ya saikolojia isiyo na pa kwenda. Nikamweleza kwamba hasira ikishindwa kumfikia mwenye kosa humshukia aliye karibu, na shati la watu halina kosa lolote. Nikamfundisha kuvuta pumzi, kuitaja hisia kwa jina, kisha kuiachia iende.

"Iende wapi?" aliuliza.

"Popote, kaka."

Ikaenda. Jumatano alipiga pasi akiimba. Hata refa alisamehewa. Nilijificha nyuma ya mashine ya kufulia nikalia kidogo kwa furaha.

Alhamisi meneja wa hoteli ya mtaa wa pili alirudisha mashati sitini ya wahudumu wake.

"Mama, haya mmepiga pasi au mmeyalalia?" alimuuliza shangazi. "Kesho saa kumi narudi. Yakiwa hivi hivi, natafuta dobi mwingine."

Alipoondoka, shangazi aliniita pembeni. "Umemfanya nini mpiga pasi wangu?"

"Nimemponya, shangazi."

"Nani alikwambia anaumwa? Yule akikunja uso, suruali zinanyooka. Sasa uso umenyooka, hebu zitazame suruali." Akashusha sauti. "Hoteli ikiondoka sina kazi ya kumpa. Uliyempoza ni wewe, umpashe wewe."

Sijawahi kumtukana mtu, kwa hiyo Ijumaa asubuhi nilikwenda dukani na maneno niliyoyaandika kwenye karatasi.

"Kaka, soksi zako hazifanani," nilianza.

"Ahsante, sikuwa nimeona."

"Timu yako haijui mpira."

"Haijui kabisa. Inaniuma, nakubali inaniuma, naachia."

"Na shemeji yako anasema wewe ni mvivu."

"Maskini shemeji. Anayesema hivyo ana yake moyoni." Akaiweka pasi chini, akanitazama kwa huruma. "Msomi, unanichokoza. Nyuma ya uchokozi huwa kuna hofu. Unaogopa nini, mdogo wangu?"

"Naogopa utafukuzwa kazi kwa sababu yangu."

"Vizuri, umeitaja. Sasa vuta pumzi."

"Sitaki kuvuta pumzi."

"Kukataa ndio mwanzo. Si ulinifundisha mwenyewe?"

Kitu kikanipanda kutoka kwenye visigino hadi masikioni. Miaka minne nimesoma habari za hasira, nikafanya mitihani juu yake, na hakuna aliyenidokeza kwamba ina joto namna ile. Nikaipokonya pasi.

Shati la kwanza nililipiga kwa ajili ya waajiri wote walioniambia watanipigia simu. La pili, kwa binamu anayeniuliza kila sikukuu kama ninayasoma mawazo yake. Mikono ya mashati ilisimama yenyewe. Mistari yake ungeweza kukatia kitunguu. Kaka Makaa alisimama ubavuni, ananipa shati moja moja na kunong'ona kwa upole.

"Na yule aliyesema ungesomea ualimu tu?"

"Lete shati."

"Na aliyesema saikolojia ni umbea wenye cheti?"

"Lete mawili."

Saa kumi meneja alipitisha kidole kwenye mstari wa shati, akakirudisha haraka na kukikagua.

"Haya ndiyo mashati," alisema. "Nani kapiga?"

Shangazi alitutazama, mmoja ana jasho, mwingine anatabasamu. "Hii ni kazi ya watu wawili," alijibu. "Mmoja peke yake haiwezi."

Meneja hakuuliza zaidi. Alituachia gunia la mashuka akaenda zake. Kaka Makaa akalifungua, akatandaza shuka la kwanza mezani, akanigusa bega.

"Mdogo wangu, unateseka. Nikuponye?"

"Niponye," nilisema, nikiitafuta pasi. "Lakini tumalize kwanza mashuka."