Meza Yenye Mishikio

Fulgence Katsuva alijua kupamba kitu kimoja tu hapa duniani, na katika watu wote aliowapambia hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kumshukuru. Alikuwa fundi wa majeneza. Karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba, mtaa wa Nyakasanza, hapo mjini Bunia, na alikuwa fundi kwelikweli. Mbao alizipiga randa mpaka zikang'aa, satini aliikunja mikunjo ya vidole vitatu vitatu, na ukingoni alipigilia misumari ya vichwa vya dhahabu kwa mstari usio na kosa. Wafiwa walifika wakilia, wakaliona sanduku, wakanyamaza kidogo. Sifa ya namna hiyo humtia mtu kiburi, na kiburi ndicho kilichomponza Noeli ile. Haya si maneno ya majirani. Mwenyewe ndiye anayeyasimulia, na kila akifika mahali pabaya hujipiga paji la uso kabla msikilizaji hajapata nafasi ya kumcheka.

Shida yake ilikuwa mama mkwe. Mama Joséphine, mjane kutoka Boga, alikuwa hajala kwa Fulgence hata punje ya wali tangu amwoze binti yake Domitille, miaka kumi na tisa iliyopita. Bunia alikuja, ndiyo. Alifikia kwa mama mmoja wa kanisa lake kule mtaa wa Mudzi-Pela, akaja kusalimu, akaketi ukingoni mwa kiti, akauliza habari za watoto, akaaga. Maji? Ametoka kunywa sasa hivi. Ndizi? Meno yanamsumbua. Mwanzoni Fulgence alidhani ni desturi tu, maana upande ule wako mama wakwe wasiokula kabisa nyumbani kwa mkwe. Lakini kule Irumu Mama Joséphine alikuwa na mkwe mwingine, mchuuzi wa mbuzi, na kwa huyo alikula mpaka akaomba ukoko.

Basi ni mbao, Fulgence akaamua. Mama hawezi kumeza tonge mahali panapotoka masanduku ya wafu. Hakumlaumu, maana hata yeye siku za kwanza za kazi alishindwa kula nyama. Domitille ndiye aliyemtia huruma. Kwaya nzima iliisifu sombe yake, yaani kisamvu, na mama yake mzazi hakuwahi kuionja. Kila mama alipokuja, Domitille alipika sufuria kubwa, na jioni akawagawia majirani chote. Halafu aliisugua ile sufuria muda mrefu kuliko ilivyohitaji, na Fulgence alimtazama mgongoni.

Mwaka huu familia ya Irumu ilikwenda Butembo kwenye harusi. Mama Joséphine akatuma ujumbe kwamba Noeli itamkuta Bunia, na kwamba baada ya ibada atapita kwa Domitille. Domitille alisoma ujumbe mara nne. Mama hakusema atakula, wala hakusema hatakula. Alisema atapita.

Fulgence akaona mlango uko wazi, akatangaza vita. Majeneza matatu yaliyokuwa tayari akayahamishia kwenye stoo ya jirani yake Jean-Claude, fundi wa redio, ambaye alikubali kwa shingo upande. Maranda yakafagiliwa, kibao cha karakana kikageuzwa uso ukutani. Kisha, kwa kuwa asubuhi ya sikukuu mkewe angekuwa kanisani na kwaya, Fulgence akajitolea kupamba sebule na meza. Domitille alisita. Mapambo ya Noeli yalikuwa kazi yake kila mwaka: puto sita, maua ya plastiki, na tawi la msipresi ndani ya ndoo ya mchanga. Mwishowe alikubali, kwa sharti moja.

"Fanya yote," alisema, "lakini musumari, hata moja hapana."

Fulgence aliapa. Kiapo kilidumu kama dakika ishirini.

Alianza vizuri. Alitundika puto, akazungusha karatasi za kumetameta dirishani, akasimamisha tawi. Shida ilianza kwenye meza. Kitambaa cha plastiki chenye picha za matunda kilikuwa na makunyanzi, kikateleza huku, akakivuta, kikateleza kule. Jicho la fundi halivumilii kunyanzi lisilo na mpango. Akakiondoa, akakumbuka kwamba karakanani kuna satini nyeupe ya daraja la kwanza ambayo familia moja iliagiza kisha mgonjwa wao akapona.

Mzoea punda hapandi farasi. Mikono ilishika njia iliyoijua. Alikunja vidole vitatu vitatu kuizunguka meza nzima, na kwa vile satini huteleza, akapiga msumari mmoja tu, pembeni, usioonekana. Wa pili ulikuja kumsindikiza mwenzake. Kufikia saa nne palikuwa na vichwa themanini na vinne vya dhahabu, mstari mmoja, na Fulgence alikuwa akipiga mluzi. Akashusha dantela, lesi nyeupe ya matundu, chini yake. Akafunga utepe wa zambarau kila pembe, maana zambarau ni rangi ya Majilio, alijieleza, kama vile kuna mtu amemwuliza. Akasimamisha mishumaa minne, mmoja kila pembe. Katikati akalaza taji la maua ya plastiki. Alipokosa pa kutundikia vitambaa vya kufutia mikono, alikwenda karakana akarudi na mishikio minne ya shaba, akaikaza kwa bisibisi, miwili ubavu huu na miwili ubavu ule. Vitambaa vilikaa vizuri sana.

Likabaki neno la Noeli. Alikuwa na herufi za dhahabu za kubandika kwenye utepe. Aliandika FAMILIA KATSUVA, akaona nafasi imebaki, na Fulgence hajawahi kuacha nafasi tupu chini ya jina. Akaongeza mwaka wa ndoa yao na mwaka huu: 2006 – 2025. Akarudi nyuma hatua tatu kuitazama kazi yake. Machozi yalimlenga, anasema, kwa jinsi ilivyopendeza. Nyani haoni kundule.

Wa kwanza kuingia alikuwa Jean-Claude. Alikuja kuuliza stoo yake itafunguliwa lini, kwa sababu mkewe amekataa kuingia kuchukua makaa. Alipofika mlangoni alisimama ghafla. Akavua kofia. Akatembea polepole hadi kwa Fulgence, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, Papa Séphora," alisema kwa sauti ya chini, akimwita kwa jina la binti yake. "Ilipitika saa ngapi?"

Fulgence alimwuliza ni kitu gani kilichotokea. Jean-Claude alionyesha meza kwa kidevu, akasema hawakusikia kilio, ndiyo maana hakuna aliyekuja.

Ndipo Fulgence alipoiona. Ilikuwa nyeupe, ndefu, imefungwa utepe, imezungukwa na mishumaa, ina jina na miaka miwili yenye kistari katikati. Ilikuwa na mishikio. Kilichokosekana juu yake ni mtu. Alikuwa ameficha majeneza matatu kwa jirani, akatengeneza la nne sebuleni, tena kubwa kuliko yote aliyowahi kutengeneza.

Akakimbilia koleo. Lakini kwa miaka mingi amejisifu kwamba alichokifunga yeye hakifunguki, na siku ile ilikuwa zamu yake kuhakikisha. Alifanikiwa kung'oa misumari miwili. Jean-Claude alizima mishumaa, akaiwasha tena, hajui kipi ni afadhali. Na nje sauti zikasikika: Domitille, binti yao Séphora, na nyuma yao fimbo ya Mama Joséphine ikigonga changarawe.

Domitille aliingia wa kwanza. Aliitazama meza, akamtazama mumewe, akapita moja kwa moja jikoni kuchukua sombe aliyoipika tangu usiku. Fulgence anasema afadhali angemtukana. Séphora, msichana wa miaka kumi na sita, alisoma utepe kwa sauti mpaka alipofika kwenye miaka, akatoka upesi mkono mdomoni. Jean-Claude alikumbuka kazi nyumbani. Kisha Mama Joséphine akavuka kizingiti.

Alizunguka meza nzima. Alipita kidole juu ya mikunjo, mmoja baada ya mwingine, akagusa vichwa vya misumari, akashika mshikio mmoja na kuutikisa, ukakaa imara. Fulgence aliona aibu, lakini zaidi ya aibu aliona uchungu, kwa sababu mkewe alikuwa amesimama na chombo cha sombe mikononi akingoja mama yake aage. Akaanza kuomba msamaha. Akasema yeye ni mpumbavu, akili yake yote imekaa kwenye nyundo, lakini chakula hakina kosa, mama akipenda wataweka mkeka uani wale huko, mbali na kazi yake.

Mama Joséphine alimkatiza.

"Ile siku ya mahari," alisema, "ulipata ngapi?"

"Ngapi ya nini, Mama?"

"Urefu yangu. Mukwe haangaliake mama mukwe ku macho. Weye uliniangalia toka miguu mpaka ku kitambaa ya kichwa, na midomo yako ilikuwa inahesabu. Ulinipima, niko muzima."

Domitille aliweka chombo chini. Mama Joséphine akaeleza yote bila haraka, kama mtu anayetua mzigo. Mbao hazikuwahi kumtisha, alisema, baba yake mwenyewe alikuwa fundi seremala. Ni yale macho. Alijiambia kwamba kijana huyu anamchukua binti kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili anamwandalia mama mbao, na kwamba siku atakapokula kwake, itakuwa kama amekubali kipimo. Basi alikataa. Miaka ikapita, naye akaona haya kusema sababu, maana aliiona ni ya kitoto.

Fulgence alitaka kukana. Angeweza kuapa, tena siku ya Noeli yenyewe. Lakini alikumbuka ile siku ya Boga, jasho la suti ya kuazima, wazee kwenye mabenchi, mama amesimama mlangoni, na macho yake, hayo macho yasiyo na adabu, yakipanda taratibu. Hakuwa amekusudia. Alikuwa akimpima kila mtu wakati ule, mpaka padri. Miaka kumi na tisa alizilaumu mbao, na kosa lilikuwa usoni mwake mwenyewe.

"Mètre soixante-deux, Mama," alisema.

Sentimita mia moja sitini na mbili. Mama Joséphine aliinama juu ya fimbo, mabega yakaanza kutikisika, na ilimchukua Fulgence muda kuelewa kwamba anacheka.

"Ile haiko tena yangu," alisema. "Nimekunjama. Ukitumia kipimo ya zamani, nitakuwa natembea-tembea mu sanduku." Akapitisha tena kidole kwenye satini. "Na hii kitambaa, uniwekee sawa hii. Usinipatie ya bei chini."

Halafu akavuta kiti, akakaa, safari hii mgongo wote umeegemea, akaiweka fimbo chini ya meza.

"Domitille, leta chakula. Niko na njaa ya miaka kumi na kenda."

Domitille alipakua huku machozi yakimdondoka, na Séphora akarudi kuwasha mishumaa. Mama alikula sombe, akala wali, akala paja la kuku, akasema chumvi imepungua kidogo kwenye sombe. Fulgence alimnawisha mikono, na akayakaza macho yake sakafuni kama mkwe anavyotakiwa. Lakini alikuwa amechelewa. Mama alipokuwa akiizunguka meza, macho yalikwisha kufanya kazi yao, na tangu siku hiyo Fulgence anajua Mama amepungua sentimita saba.