Mwana gwa Lukasi

Ng'ombe wa saba kuibwa alikuwa wa Hellen, na hapo ndipo subira ilipomwishia. Wale sita wa mwanzo aliwalilia kama jirani anavyolia, kwa pole na kutikisa kichwa. Huyu wa saba alimlilia machozi yake mwenyewe. Alikuwa ng'ombe wa mradi wa kanisa, mweusi mwenye mabaka meupe, na mimba juu. Kwa taratibu za mradi ndama wa kwanza alikuwa apewe jirani, Neema, mke wa Jotham, naye Neema alikwishapanda majani ya malisho kando ya migomba yake, anasubiri. Wezi walimchinjia bondeni. Wakabeba nyama, wakamwachia mwenyewe kichwa, ngozi na kile kindama ambacho hakijakomaa.

Miaka yenyewe ilikuwa ile ya ruksa. Wanunuzi binafsi wa kahawa waliingia na mizani zao, ruksa. Mitumba ikafurika Tukuyu, ruksa. Wezi nao, kwa nini wabaki nyuma? Wakajipa ruksa yao. Na msidhani ni vibaka wa kuku hao. Walikuwa na pikapu, walikuwa na mabucha yao Mbeya mjini yasiyouliza nyama imetoka wapi, na walikuwa na wakubwa wa kuwakingia kifua. Ukimkamata mmoja ukamfikisha kituoni Jumatatu, Jumatano mnapishana njiani anakuchekea. Halafu kila kijiji walikuwa na mchora ramani, yaani mwenyeji wa kuwaambia zizi lipi lina ng'ombe na nani kasafiri. Kikulacho ki nguoni mwako, ndugu yangu.

Basi kijiji cha Hellen, upande wa Lupepo, kikaamua kujilinda chenyewe. Kamanda wa ulinzi alikuwa Emmanuel, mkulima wa chai aliyekuwa na kovu la panga begani, alilolipata akilinda zizi la kaka yake. Mtu mwema, msiniletee maneno. Mkutano mkuu ukapitisha ipigwe kura ya siri: kila mtu mzima aandike jina la anayemjua au kumshuku kuwa mchora ramani. Jina likitokea mara tano, mwenye jina anatengwa. Hasalimiwi, hapewi moto wala chumvi, habebewi mgonjwa, hachimbiwi kaburi. Atakayevunja atatoa faini ng'ombe.

"Serikali ina rumande," Emmanuel aliwaambia. "Sisi hatuna. Sisi tuna ujirani tu. Basi tumnyime huo."

Aliyepiga makofi ya kwanza alikuwa Hellen.

Kwa kuwa aliwahi kufundisha kisomo cha watu wazima, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuwaandikia wasiojua kusoma. Walimwekea meza nyuma ya ghala la kahawa, wazee wakawa wanakwenda mmoja mmoja kumnong'oneza. Heshima ilioje! Hellen alikuwa ameolewa hapo miaka kumi na minane, lakini kazaliwa na kukulia Mbeya mjini, na Kinyakyusa chake wenyeji walikuwa wakikiita cha dukani. Siku hiyo alijiona mwenyeji kamili.

Akaja Bibi Anyitike, mjane wa kitongoji cha juu, kajifunga kanga mbili kwa ajili ya baridi.

"Umemwona nani, bibi?"

"Mwana gwa Lukasi," bibi akanong'ona. "Kwa macho haya. Alikuwa anawaonyesha wageni njia ya kushukia bondeni, kesho yake ng'ombe wako hayupo."

"Mtoto wa Lukasi? Lukasi huyu huyu wetu?"

"Huyo huyo. Andika, mwanangu, nimeacha mbuzi nje."

Hellen akashika kalamu. Mzee Lukasi alikuwa na mtoto mmoja tu wa kumzaa, Jotham. Jotham, mume wa Neema? Mara akakumbuka radio-kaseti mpya. Akakumbuka mabati aliyoezeka Jotham mwaka ule, akisema ni fedha za kahawa. Kahawa gani hiyo, na sisi wote tunalima kahawa? Akakumbuka kile kindama kwenye majani. Angeuliza swali moja tu zaidi. Moja, jamani! Lakini mwenye hasira haulizi, anamalizia. Akaandika: Jotham.

Jioni ile kura zilisomwa mbele ya watu wote. Jotham, tano. Wanne wengine walimwandika kwa sababu ya mabati, tuseme ukweli, wivu hauna dawa. Aliyemfuatia alikuwa Ambwene, kijana aliyelelewa nyumbani kwa mzee Lukasi, naye alipata nne.

Jotham alicheka. Alidhani ni utani wa watani. Alipoona hakuna anayecheka naye, akamtazama baba yake, akamtazama Neema aliyekuwa na mimba ya miezi minane, akasema, "Mimi?" Watu wakaanza kuondoka, na kila aliyempita alitazama pembeni.

Kutengwa kukaanza, na kulikuwa na makali yake. Dukani kwa Ali chumvi ilikuwa imekwisha kila Jotham alipofika. Kanisani kwenye kwaya, benchi la sauti ya pili lilikuwa na watu sita; Jumapili ile wakahama wote, akabaki Neema peke yake, anaimba huku kashikilia tumbo. Hellen naye alihama. Alijisemea kwamba si Neema anayetengwa ni mumewe, lakini alihama. Na wezi? Wiki tatu hawakuonekana. Hata kuku hakuibwa. Watu wakaanza kuambiana kwamba dawa imeingia, na Emmanuel akatembea kifua mbele.

Wiki ya tatu, siku ya Jumapili, Hellen alimpelekea Bibi Anyitike maharage. Wakakaa jikoni wakiota moto.

"Nikuulize, mwanangu," bibi akasema. "Jotham amekosa nini?"

Hellen alidhani uzee. "Bibi, si wewe uliyeniambia? Mwana gwa Lukasi."

"Mimi? Jotham?" Bibi aliweka kikombe chini. "Mimi nilikuambia yule mwingine. Yule mwenye jina la mkwe wangu."

Hapo Hellen akaona giza. Baba mkwe wa bibi huyu, mzee aliyebatizwa enzi za wamisionari, aliitwa Ambwene. Na mwanamke wa Kinyakyusa wa umri ule hatamki jina la baba mkwe wake, hata mzee awe amezikwa miaka arobaini. Analizunguka kama mtu anavyozunguka kaburi.

"Ambwene?" Hellen akauliza, na bibi akajifunika uso kwa kanga, aibu kwa niaba yake. "Lakini bibi, Ambwene si mtoto wa Lukasi! Ni mtoto wa marehemu ndugu yake!"

"Kwani ndugu akifa watoto wake wanakuwa wa nani?" Bibi alikasirika sasa. "Lukasi amemlea tangu hajaota meno. Nyie mliokulia Mbeya mnagawana watoto kama mafungu ya ndizi? Ni mwanawe! Kila mtu anajua ni mwanawe!"

Kila mtu. Isipokuwa yule aliyekuwa ameshika kalamu.

Hellen hakumaliza chai. Alishuka mbio hadi shambani kwa Emmanuel, akamkuta anachuma chai, akamweleza yote huku akihema. Emmanuel alivua kapu mgongoni taratibu, akakaa juu ya jiwe.

"Mama Lusungu," akasema, "nakuamini. Lakini sikiliza. Nikisimama leo nikasema kura moja ilikosewa, kesho wote waliotajwa kwenye kura watasema za kwao pia zilikosewa. Ulinzi umekufa hapo hapo, na wale wa pikapu watarudi wakicheka. Jumamosi kuna mkutano. Tutalisema kwa utaratibu, tumsafishe Jotham mbele ya watu na huyo mwingine tumshike kwa mpigo mmoja. Siku sita. Amevumilia wiki tatu, siku sita ni nini?"

Hellen alijua jibu. Siku sita ni siku sita kwa mtu asiyesalimiwa. Lakini pia, tuseme yote, alikuwa anaona haya. Kusimama mbele ya kijiji kusema mwalimu wa kisomo hajui kuandika jina! Siku sita zilikuwa zawadi kwake pia. Akakubali, akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo akawa anakwepa njia inayopita kwa Neema.

Alhamisi mvua ilianza asubuhi, ile mvua ya Rungwe isiyo na haraka. Saa saba mchana Hellen alikuwa anamenya ndizi aliposikia sauti barabarani.

"Nisaidieni kubeba! Jamani, Neema hali mbaya! Nisaidieni kubeba!"

Alikuwa Jotham. Alikwishafunga machela ya mianzi na blanketi, ya kubebwa na watu wanne, maana gari lisingeweza kushuka kwenye tope lile, na hospitali ilikuwa Tukuyu. Alipita nyumba kwa nyumba. Hellen alisikia mlango wa jirani ukifungwa. Akasikia wa pili. Watu hawakuwa makatili. Walikuwa wanaogopa faini, na kila mmoja alikuwa anasubiri mwingine atoke kwanza. Sauti ikafika kwenye uzio wake.

"Mama Lusungu! Mama Lusungu, tafadhali!"

Hellen alisimama nyuma ya mlango na kisu mkononi. Alikuwa ndiye mtu pekee kijijini, ukiwaacha Emmanuel, bibi na mwenye kosa mwenyewe, aliyejua kwamba yule kijana hana kosa. Akafikiri: nikitoka, wataniuliza kwa nini. Akafikiri: atatoka mwingine. Alisimama muda wa kumenya ndizi mbili, si zaidi, na muda huo hakuna aliyewahi kumrudishia. Alipofungua mlango, Jotham hakuwepo.

Hapo ndipo alipotupa kisu akatoka kwenye mvua bila hata kanga ya kichwani. Alipiga kelele ambazo wenzake hawakuwahi kuzisikia kwake. "Nilikosea mimi! Jotham hana kosa! Mimi ndiye niliyeandika vibaya! Tokeni mumsaidie mwenzenu!" Kwa Ali duka likafunguliwa kwanza. "Unasema nini, mama?" Akasema tena. Wengine wakataka aitwe Emmanuel kwanza, naye Emmanuel alikuwa ameshuka gulioni Mpuguso. "Emmanuel wa nini!" Hellen akafoka. "Faini nitatoa mimi! Tokeni!" Wakatoka. Kwanza wanne, kisha kumi, kisha njia nzima ikawa inashuka mbio kuelekea kwa Lukasi, alikokaa Jotham.

Hawakufika kwa Lukasi. Walimkuta Jotham kwenye mteremko wa mto. Machela isingebebeka na mtu mmoja na mzee, kwa hiyo aliiacha. Alikuwa amembeba Neema mgongoni, kamfunga kwa vitenge viwili kama mama anavyombeba mtoto, na mzee Lukasi nyuma yake, kamshikilia miguu isiburuzike. Jotham alikuwa bado anapanda. Alikuwa anasema, "Karibu, mke wangu, karibu tunafika." Ali ndiye aliyemgusa Neema shingoni. Akaondoa mkono wake, akaanza kulia, na Jotham akaendelea kupanda hatua tano nyingine kabla ya kusimama.

Walikwenda wawili siku ile, mama na mtoto aliyekuwa tumboni. Ambwene naye alizisikia kelele za Hellen kama alivyozisikia kila mtu. Kabla ya jioni alikuwa amekwishaondoka, wanasema kavuka mpaka wa nchi hapo Kasumulu, na hakuna aliyemtia machoni tena.

Asubuhi ya Ijumaa kijiji chote kilikwenda msibani. Wanawake walibeba ndizi na kuni, wanaume walibeba majembe, kwa sababu kwetu mfiwa hashiki jembe. Kaburi la mkeo unachimbiwa. Emmanuel aliwatangulia, kapiga magoti mlangoni kwa mzee Lukasi kabla hajaambiwa karibu. Mzee akamwonyesha kwa kidole nyuma ya nyumba.

Jotham alikuwa ndani ya shimo, udongo umemfika kifuani. Alikuwa amechimba peke yake tangu kulipopambazuka.

"Toka, ndugu yangu," Emmanuel akasema. "Toka, hiyo ni kazi yetu."

Jotham alitupa udongo nje.

Hellen akasogea mpaka ukingoni. "Ni mimi, Jotham," akasema mbele ya wote. "Nilikosea jina. Na nilijua tangu Jumapili. Na jana nilikusikia mlangoni kwangu, nikasimama."

Jotham aliegemea jembe, akainua uso. Hakuonekana na hasira. Ingekuwa nafuu angekuwa nayo. Aliwatazama wote waliozunguka lile shimo, wanaume na majembe yao, wanawake na mizigo yao, watu hadi kwenye migomba na nyuma ya migomba, kama anawahesabu.

"Mmekuja wengi," akasema. "Mimi nilikuwa nataka watu wanne tu."

Akainama, akaendelea kuchimba. Hakuna aliyethubutu kushuka, na hakuna aliyethubutu kuondoka. Walisimama hivyo na majembe yao mabegani mpaka alipomaliza.