Cheti cha Siku Mia na Themanini

Karani wa dirisha la tatu alilamba kidole, akahesabu karatasi za Kitinda moja moja mpaka kumi na moja, kisha akairudia ya saba na kuigonga kwa kalamu.

"Hii ya afya imeisha muda jana."

"Najua," Kitinda alisema, akakohoa.

Alikuwa anakohoa tangu jana saa tisa na nusu alasiri, saa ambayo ofisi zote hufungwa na karatasi hufa. Cheti cha afya kilidumu siku tisini. Siku zote hizo kifua chake kilikuwa safi, na ya tisini ilipotimia, katikati ya kipindi cha kemia, kikohozi kikamkaba mbele ya darasa. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama ni cheti, Kitinda akaitikia kwa kichwa, wakaendelea na asidi.

"Kapime tena," karani alisema. "Na ukija, uje na zote. Zote ziwe hai siku moja."

Hapo ndipo kilipo kisa chenyewe. Cheti cha afya siku tisini, picha siku thelathini, cha tabia njema miezi mitatu, barua ya mwajiri siku ishirini na nane, na nani alikaa akachagua ishirini na nane, Mungu ndiye ajuaye. Cheti cha kuzaliwa, ambacho watu wa zamani walipewa mara moja wakazikwa nacho, siku hizi sharti kiwe kimetolewa upya ndani ya siku mia na themanini. Ukikamata hiki, kile kimeponyoka. Na kila cheti kilipokufa kiliondoka na jambo lake. Mwaka mmoja na miezi miwili Kitinda alikuwa anafukuzana na karatasi hizo, mwanamke mzima, mwalimu wa watu. Chuo cha ng'ambo kilikuwa kimempa nafasi ya kusomea usafishaji wa maji, kwa ufadhili usiotolewa kwa aliyevuka miaka thelathini na tatu. Miaka hiyo alikuwa nayo tayari. Mara ya kwanza walimsubiri. Barua ya pili ilisema afike kabla ya tarehe tano ya mwezi wa tisa, la sivyo nafasi ni ya mwingine.

Alishazoea hasara ndogo ndogo. Cheti cha tabia njema kilipokufa, alifungua mkoba wake katika chumba cha walimu akakuta miwani ya mkuu wa shule, chaki za mwalimu wa hesabu, na kufuli la kabati la mwalimu wa jiografia likiwa bado limefungwa. Akavirudisha, akaomba radhi. Mkuu alivaa miwani yake, akamuuliza lini anakwenda kuchukuliwa alama za vidole upya, maana mitihani imekaribia. Picha zilipopitisha siku thelathini, mlinzi aliyemfungulia geti kwa miaka sita alimdai kitambulisho. Yote hayo yalitibika kwa muhuri. Kero tupu, lakini yalitibika.

Wahenga walisema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Kitinda aliwasikiliza, ndiyo maana cheti cha kuzaliwa alikishughulikia kwanza, kabla ya vyote. Kumbe ndilo kosa. Angekuwa mvivu, kingekuwa bado kibichi. Chake kilikufa Jumatano, siku kumi na mbili kabla ya miadi ya viza.

Mama yake alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule sebuleni kwake. Kitinda aliingia, akavua viatu, akapitiliza jikoni kunywa maji.

"Dada," mama aliita kwa upole, bila kuacha kukanyaga pedali, "wateja wanakaa hapa kwenye benchi. Maji nitakuletea."

Kitinda alisimama na kikombe mkononi. Akahesabu miezi kwa vidole.

"Jamani! Hata na hili?"

"Lipi, dada?"

"Hakuna, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umeleta kitambaa?"

Hakuwa na kitambaa. Alisema anataka sketi, kitambaa ataleta kesho, na mama akachukua futi yake, akamzungushia kiunoni. Alimgeuza kwa vidole viwili begani, kama anavyowageuza wateja wote.

"Hiki kiuno changu cha usichana kabisa," akacheka. "Niandike nani?"

"Andika Mwalimu."

Jina la Kitinda alilitunga mama mwenyewe, kwa sababu ndiye aliyefunga uzazi wake, kitinda mimba. Sasa kwa hesabu ya mama aliyefungua uzazi na aliyeufunga ni mtu mmoja: kaka yake, kinyozi wa miaka arobaini na moja, mwenye masharubu. Kaka alijua vizuri dada yake ni nani, cheti hakikumhusu yeye. Lakini alianza kukatiwa mnofu mkubwa na kuwekewa maji ya kuoga, na mambo hayo yakamkolea.

"Usiharakishe sana," alimnong'oneza mlangoni.

"Mjinga wewe," Kitinda akamjibu, akaenda kulala kwa mwalimu wa jiografia.

Kesho yake alikuwa ofisi ya vizazi. Karani wa huko alikuwa mama wa makamo, mwenye sweta na thermosi ya chai, na hakuwa mtu mbaya. Alimpa fomu, akamwonyesha sehemu ya chini.

"Hapa asaini mama mzazi, mbele ya mwombaji."

"Mama hanijui. Cheti kimekufa."

"Ndiyo, huwa hivyo."

"Sasa atasainije kwamba amenizaa?"

"Ndiyo maana tunataka saini yake. Mtu asipothibitisha, sisi tutajuaje?"

"Kaka yangu anajua. Nimwite?"

"Kaka yako alikuzaa?"

Kitinda alitamani kuing'ata kaunta. Badala yake alisema asante, kwa sababu muhuri ulikuwa upande wa pili wa kaunta hiyo.

Nyumbani, mama yake alivaa miwani, akaisoma fomu mpaka mwisho, akaikunja na kumrudishia. Mama huyu vipande vya nguo vilivyobaki, hata vya upana wa kidole, aliwarudishia wenyewe ndani ya mfuko. Mafundi wenzake walimcheka kwa ajili hiyo.

"Siwezi, Mwalimu. Niandike nimezaa nisiyemzaa? Nikaulizwe na nani hiyo kesho?"

"Nakuomba, mama."

"Niombe kingine."

Basi Kitinda akawa mteja. Ijumaa alileta kitambaa, Jumamosi akaleta shati la kubadilisha kola, Jumatatu akaja na gauni alilolifumua pindo mwenyewe njiani, kwa meno. Alikaa kwenye benchi, akamsaidia kutoa nyuzi, wakaongea. Ilimuudhi sana kugundua kwamba mama yake ni mtu wa kuchekesha. Miaka yote hiyo alikuwa anaingia, anakula, anakwenda kusahihisha madaftari. Alhamisi ilipofika zilibaki siku nne, na alikuwa amechoka hata kuomba. Alitoa nyuzi tu, machozi yakimdondoka juu ya sare ya mtoto wa watu.

"We Mwalimu," mama akasema, akasimamisha cherehani. "Mama yako yuko wapi?"

"Yupo."

"Anajua unalia hivi?"

"Hanijui. Anasema hakunizaa."

Mama alivua miwani. Kitinda alikuwa hajawahi kumwona amekasirika hivyo, hata siku kaka alipoivunja sindano ya cherehani mara tatu.

"Mwanamke gani huyo! Ana moyo kweli, au jiwe? Mtoto mwenye adabu, ana kazi yake, halafu anamkana mchana kweupe? Ningemjua ningemfuata hukohuko kwake, nikamwambia maneno yake mbele ya majirani. Hana haya! Lete hiyo karatasi."

"Mama, ulisema..."

"Lete, nimesema. Kama yeye hataki, nitakuzaa mimi. Mungu ataniuliza, nitamjibu."

Akasaini kwa hasira, kalamu ikatoboa karatasi. Kisha akaendelea kumtukana mwanamke yule mpaka adhana ya alasiri, na Kitinda akamsikiliza, akitoa nyuzi.

Muhuri ulipigwa Ijumaa saa tano. Alipofika nyumbani mama alikuwa mezani anamkodolea macho kinyozi.

"Kitinda, huyu kaka yako amemaliza nyama yote na wewe umesimama tu? Kaa ule." Baadaye alimwambia, kwa sauti ya chini, kwamba kuna uongo aliusaini kwa ajili ya msichana mmoja mteja wake, na roho inamsuta. Kitinda alimwambia haukuwa uongo. Mama akasema yeye ndiye aliyeusaini, anaujua.

Jumatatu karani wa dirisha la tatu alilamba kidole, akahesabu mpaka kumi na moja, na zote zilikuwa hai. Viza ilitoka baada ya wiki mbili, ya kuingia mara moja tu.

Kitinda alirudi ofisi ya vizazi kabla ya kusafiri. Aliuliza kama cheti kinaweza kuongezewa muda mapema.

"Hatuhuishi kilicho hai," karani alisema, akimimina chai.

"Kikifa nitakuwa ng'ambo."

"Utakuja, mama asaini mbele yako."

"Nikitoka kule, viza imekufa. Masomo ni miaka miwili."

"Basi ukimaliza." Akamwonyesha tangazo jipya ukutani. Kuanzia mwezi ujao, vyeti vya kuzaliwa vitadumu siku tisini. "Wewe una bahati, umewahi."

Mama alipoelezwa aliupiga mkasi mezani.

"Nilikubeba miezi tisa, wao wanakubeba sita tu? Upuuzi mtupu! Nenda kasome. Karatasi haiwezi kunitoa mtoto tumboni."

"Ilishakutoa, mama."

"Nani kasema? Sikumbuki kitu kama hicho."

Kitinda alifika chuoni tarehe tatu ya mwezi wa tisa. Siku ya mia na themanini alipiga simu mapema, saa nane na nusu kwa saa za nyumbani, na mama akaanza na majigambo.

"Unaona? Nakukumbuka mpaka jino lako la kwanza. Ulilimeza. Nilihangaika siku mbili nzima, na nikikwambia nilihangaika wapi, hutakula chakula." Kitinda alicheka, akamwambia aendelee. Mama aliendelea. Alitaja surua, sare ya kwanza iliyoburuta mpaka chini, siku aliyogoma kunyolewa na kaka yake. Alizungumza haraka haraka, kila jambo akilibana kwenye lile lililotangulia, na cherehani haikusikika hata mara moja. "Halafu ile siku ya matokeo ulikuja unakimbia, kiatu kimoja mguuni, nami niko mlangoni, nikakwambia..."

Ikatimia saa tisa na nusu. Cherehani ikaanza kulia, ikasimama.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

"Mteja wako, mama. Niko masomoni, ng'ambo."

"Ala! Huko mbali kote unanikumbuka mimi fundi? Hongera, mwanangu. Soma sana. Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Sauti yake nzima kabisa."

"Mshukuru Mungu. Ukiongea naye, msalimie sana."

"Zimefika, mama," Kitinda akasema.