Maoni ya Mama Tarsis

Mwaka ule wa tisini na tatu Anyisile alikuwa akifundisha darasa la nne katika shule moja ya msingi pale Njombe. Mumewe, Methusela, alikuwa ofisa wa elimu ya watu wazima. Walikaa Mjimwema na watoto wao watatu, mkubwa akiwa Tarsis. Mishahara yao ilikuwa haifiki popote, kwa hiyo Jumamosi Methusela alipakia viazi kwenye lori akaenda kuviuza Makambako. Biashara huria ilikwisha kuruhusiwa, na hakuna aliyeona tena ajabu mtumishi wa serikali kusimama nyuma ya gunia.

Jioni alirudi na kitabu. Vitabu vilitoka kwa Bashiru, muuza vipuri vya magari aliyehamia Makambako kutoka Tanga. Madereva wa malori walimletea kutoka Dar es Salaam pamoja na magazeti mapya, naye aliwaazima watu kwa zamu. Anyisile alikisoma kitabu jikoni huku maharage yanachemka, akakisoma tena wanafunzi wakiwa wanaandika insha. Katikati ya wiki, walipokaa kula, Methusela alimwuliza, "Kinahusu nini? Umekionaje?"

Akamweleza. Alizipenda sana nyakati hizo, maana mumewe alimsikiliza bila kumkatiza, na katika mazungumzo mengine haikuwa hivyo.

"Huko kwa Bashiru huwa mnazungumza nini?" alimwuliza siku moja.

"Wanaume watupu wale," alisema Methusela. "Bei ya dizeli tu."

Mwezi wa sita, baridi imekaza, Methusela aliitwa kwenye semina Iringa akakosa kwenda Makambako. Siku mbili baadaye Rehana, mke wa Bashiru, alikuja Njombe kuuza vitenge, akapita Mjimwema kuchukua kitabu ambacho hakikurudishwa. Alibisha hodi, akasema, "Kamwene," kisha akacheka mwenyewe, kwa kuwa hicho ndicho Kibena pekee alichokijua. Anyisile akamkaribisha chai.

"Nimefuata kile cha mjane," alisema Rehana. "Nilikisoma mbiombio, nataka kukirudia kwa sababu ya maneno ya mumeo."

"Maneno gani?"

"Alisema yule mjane hakuchoma nyumba kwa hasira. Alichoma ili asiwe na pa kurudi siku moyo utakapolegea. Mwenzangu, nilikaa na neno hilo wiki nzima. Nikamwambia Bashiru, mwanamume kuujua moyo wa mwanamke namna hiyo si kawaida."

Anyisile aliiweka birika chini. Maneno yale aliyasema yeye, kwenye meza ile ile, akimmenyea mtoto mdogo kiazi.

"Na kile cha karani wa mahakama? Alikionaje?"

"Alisema karani hakuwa mwoga, alikuwa amechoka, na mwandishi mwenyewe hakujua tofauti. Mwalimu Abrahamu, mzee wetu pale, alimpa mkono kwa hilo."

"Kwani na wewe huwa upo?"

"Nipo, na Zuena wa nyumba ya wageni naye yupo. Kila mtu anasema anasoma nini na amekionaje. Tulimwuliza Methusela mbona hakuleti. Akasema wewe huna muda wa vitabu."

Rehana alipoondoka, akiwa amekubali kumwachia kitabu kile siku chache zaidi, Anyisile aliosha vikombe, akavifuta, akajikuta anaviosha tena. Kuchukuliwa maneno kulimuuma. Lakini hilo la kwamba hana muda wa vitabu lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Methusela aliporudi kutoka Iringa hakukana.

"Mama Tarsis, mimi na wewe si mwili mmoja? Likisemwa na wewe au na mimi, si limetoka nyumba hii hii?"

"Mwili mmoja, sawa. Ila kichwa kikawa changu na mdomo ukawa wako. Na ukawaambia sisomi."

"Ningesemaje? Vitabu vyenyewe sivimalizi. Nikifungua, usingizi." Akaweka mkoba wake chini. "Siku ya kwanza nilisema kitu ulichoniambia, wakaacha kunywa kahawa wakanitazama. Ofisini hakuna anayenitazama hivyo."

Anyisile alimwonea huruma, na huruma hiyo ikamzidishia hasira. "Jumamosi tunakwenda wote," alisema.

Walikutana nyuma ya duka la Bashiru baada ya sala ya adhuhuri, wakakalia matairi na mabenchi mawili. Mwalimu Abrahamu ndiye aliyeongoza. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, Mlutheri wa Mahongole, mwenye koti la sufu na sauti ya darasani. Anyisile akamwamkia shikamoo, akapokewa vizuri, akapewa kahawa. Methusela alikaa benchi la mwisho, macho kwenye viatu.

Bashiru alisema anasoma habari za safari za jangwani, na kwamba mwandishi anapenda ngamia kuliko watu. Zuena alisema chake kina mapenzi mengi na chakula kidogo, watu hawali kabisa humo. Wakacheka. Ikafika zamu ya mgeni.

"Mimi nimerudia kile cha mjane," alisema Anyisile. "Niliposoma mara ya kwanza niliona kwamba hakuchoma nyumba kwa hasira. Alichoma ili asiwe na pa kurudi."

Mwalimu Abrahamu alitabasamu. "Vizuri sana, mama. Mumeo alikwisha kutueleza hilo. Naona anakufundisha na nyumbani."

Yalisemwa kwa upole, na hilo ndilo lililomfanya Anyisile ahisi damu inampanda mpaka masikioni.

"Hakunifundisha, mwalimu. Yeye ndiye aliyeyasikia kwangu. Hayo na ya karani wa mahakama."

Bashiru alikoroga kahawa ambayo haikuwa na kitu cha kukoroga. Methusela hakuinua kichwa.

"Mambo ya mume na mke huzungumzwa nyumbani," alisema Mwalimu Abrahamu. "Hapa tunazungumza vitabu."

"Haya, tuzungumze vitabu," alisema Anyisile. Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Kama maoni yale ni ya mume wangu, leo mimi siyakubali. Nimesoma tena. Yule mjane ana binti. Nyumba ile ni ya binti pia, na hakuna ukurasa ambao mtoto anaulizwa. Mwandishi amemchomesha mama nyumba kwa sababu hakujua la kumfanyia mwanamke anayekataa kuondoka. Moto ni rahisi kuandika. Angemwacha akae pale pale, akutane na shemeji yake kisimani kila asubuhi. Hicho ndicho kitabu ambacho hakukiandika." Akamgeukia mumewe. "Baba Tarsis, nimeyapinga maoni yako. Yatetee."

Wote wakamtazama Methusela. Alifungua mdomo, akakohoa. "Mimi naona... pande zote mbili zina ukweli," alisema.

"Upande wako ni upi?" aliuliza Rehana. Hakuwa anacheka.

"Nitajibu wiki ijayo."

"Jibu sasa, Methusela. Umetuambia jambo tukalibeba mpaka majumbani. Lina maana gani?"

Methusela aliivua kofia yake akaishika mapajani. "Ni ya kwake," alisema kwa sauti ndogo. "Yote ni ya kwake. Mimi sikukimaliza."

Mwalimu Abrahamu hakuomba radhi. Alitazama saa, akasema zamu ni ya Zuena, kisha akakumbuka kwamba Zuena alikwisha kusema. Rehana akamwekea Anyisile mkononi kitabu kipya, akatangaza kwamba kuanzia leo zamu ya Mjimwema ni ya mama huyu.

Walirudi Njombe kwenye lori la mbao bila kusemezana. Hasira ya Anyisile haikuisha siku hiyo wala kesho yake. Katikati ya wiki, wakiwa mezani, Methusela alikitazama kitabu kilichokuwa kando ya sahani.

"Kinahusu nini?"

"Kisome."

Alikisoma. Ilimchukua muda mrefu, akilala nacho kifuani, akirudia kurasa. Hatimaye akasema hakina maana, mhusika mkuu analalamika mno. Anyisile alishangazwa na uvivu wa maoni yale. Akamwambia mlalamikaji ana haki, ameibiwa shamba, alitaka aimbe? Methusela akasema angalau afanye kitu. Walibishana mpaka ugali ukapoa, na watoto wakanyanyuka wakawaacha.

Jumamosi, kwa Bashiru, Methusela alirudia mbele ya wote kwamba kitabu kile hakina maana. Watu wakampinga kwa pamoja. Aliyeanza kumpinga alikuwa mkewe.