Siku Mjane Alipofuliwa

...limefuliwa, jamani! Limefuliwa, limepigwa pasi, linanukia sabuni ya mche kama shuka la hospitali! Shoga, kaa kwanza nikusimulie. Naingia jikoni, mkoba wa maabara begani, namkuta Mjane, joho lenyewe, ananing'inia mlangoni, mweusi tii, kanyooka kama askari wa gwaride. Pembeni yake kasimama Bibi yangu Ermelinda, pasi mkononi, uso unawaka kama wa mtu aliyemaliza kujenga kanisa.

"Umeona?" akaniambia. "Na kabla ya kufua, yale matundu yote nimeyashona. Huwezi kusimama mbele ya maprofesa na nguo imechanika kama ya mwizi aliyeruka ukuta."

Nikacheka. Si kwa furaha. Kuna kicheko kinachotoka kwa sababu kilio kimekwama njiani, basi kile.

"Asante, Bibi," nikasema.

Ngoja nirudi nyuma, la sivyo utaniuliza tangu lini nguo kufuliwa ikawa msiba.

Hapa Coimbra, mji wetu huu wa chuo, joho la mwanafunzi halifuliwi. Ukilifua umefua mvua ya mwaka wa kwanza, umefua mvinyo uliokumwagikia, umefua machozi ya rafiki aliyelilia begani mwako. Joho huchanwa tu. Marafiki wanachana pindo upande mmoja, ndugu upande wa pili, na katikati, nyuma kabisa, anachana mpenzi. Mkiachana unapashona kwa uzi wa rangi ya kitivo chako, na kila anayetembea nyuma yako anaona ulipoumia na jinsi ulivyopona.

Mjane ni joho la nyumba yetu. Nyumba ya wanafunzi, kule juu kilimani, tunapika chungu kimoja na hatuamui jambo mpaka wote tukubali, hata kama ni kununua ufagio. Joho hilo mkuu wa nyumba humwachia mkuu anayemfuata, tangu enzi ambazo wazazi wangu hawajajuana. Halijawahi kuona maji. Wakalibatiza Mjane, kwa sababu havui nyeusi wala haogi. Na mwaka ule mkuu wa nyumba nilikuwa mimi, Violante, kwa kuwa siku ya kuchagua nilitoka kidogo kwenda chooni. Niliporudi wananipigia makofi.

Sasa mimi nasoma biolojia, na kichwa changu hakijui kutulia. Nilimtazama Mjane kwenye msumari wake nikajiuliza: humo ndani anaishi nani? Bakteria gani wanakaa kwenye nguo isiyofuliwa miaka yote hiyo, na wiki ya kuchoma riboni, ile sherehe yetu ya kufunga mwaka, ikipita, na vumbi lake na bia yake na kukumbatiana kwake, nani anahamia, nani anahama? Nikampelekea swali hilo Profesa Alcina, mama anayecheka mara moja kwa muhula. Hakucheka. Alisema, "Chukua sampuli kabla na baada. Ukiniletea kazi safi, Septemba kuna nafasi moja kwenye maabara yangu."

Moja! Nilishuka ngazi zile za chuo nikiruka kama mbuzi.

Visahani vya kuoteshea bakteria vinauzwa, havipewi. Ndipo Telmo, anayelala chumba kinachopakana na changu, mwanafunzi wa sheria mwenye vidole vya fundi cherehani, akasema tufungue biashara. Tukaweka meza chini ya ngazi za maktaba, kibao kikaandikwa: *Tunashona Mlipoachwa.* Yaani ule mchaniko wa katikati! Shoga, hujui watu wanaachana kiasi gani kabla ya mitihani. Telmo anashona, mimi nawafariji, na mteja akikaa tu namwomba nipitishe kijiti cha pamba kwenye pindo la joho lake. Kila mshono ukawa sampuli. Nilikuwa najiona nimeuweka ulimwengu mzima kwenye kikapu kimoja: nyumba, biashara, utafiti. Sikujua kikapu kikidondoka vinavunjika vyote.

Sampuli za kabla nilizichukua zote. Za baada nikazimaliza, akabaki Mjane peke yake, nimemwekea Jumatatu. Mjane ndiye aliyekuwa moyo wa kazi. Picha yake iko kwenye bango, bango limebandikwa kila mlango: Ijumaa, Violante atatueleza nani anaishi ndani ya Mjane.

Na Jumapili akaja Bibi. Kasafiri kutoka kijijini kwetu, huko nyuma ya milima, na soseji na mkate wa shayiri na kabichi nzima kwenye begi, kuja kumsikia mjukuu wake akihutubia. Kwetu hakuna aliyewahi kusoma chuo, mambo ya majoho atayajulia wapi? Nyumbani nilisema tu nachunguza nguo. Jumatatu nikaenda maabara mapema kuandaa visahani. Mengine umeshayasikia.

Jioni ile Telmo aliingia, akamwona Mjane, akashika kichwa. Kisha akamwona Bibi, akashusha mikono haraka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Na wewe mbona mwembamba hivyo, hawakulishi? Kaa."

Tukakaa, tukanywa supu ya kabichi. Mimi nilikuwa nazungusha kijiko tu. Bibi alipoondoka mezani Telmo akaninong'oneza, "Chukua namba za kabla, zipandishe kidogo, uziite za baada. Nani atawahesabu wadudu?"

"Wewe unasomea sheria kweli?"

"Ndiyo maana najua."

Usinicheke, nililifikiria. Nililifikiria hata kwenye foleni ya mkate. Nafasi ni moja, na namba haina sura, haina Bibi. Lakini kila nikifumba macho naona visahani vyangu vimepangwa, vimenikodolea kama macho ya samaki sokoni. Nikamwendea Profesa Alcina. Alisikiliza akiwa anafuta miwani.

"Chukua sampuli hivyohivyo, hata baada ya sabuni. Na ueleze hali ilivyokuwa."

"Nikilitoa tu kwenye kazi? Majoho mengine ninayo."

"Litoe. Ila watakuuliza kwa nini, na utajibu."

Sampuli nilichukua. Lakini unaona mtego? Wakiniuliza, Bibi yuko kiti cha mbele. Nikisema ukweli namvua nguo mama mtu mzima mbele ya ukumbi, kwa kosa la kunipenda. Nikidanganya, basi hata hiyo maabara nitaingia kwa mlango gani?

Nikajaribu kumzuia asije. "Bibi, utachoka. Maneno yenyewe magumu, ya Kilatini."

"Misa nimesikiliza kwa Kilatini utoto mzima, sikufa. Na wewe kula."

Siku zile sikula. Bibi alikuwa ananiangalia, anasukuma sahani karibu yangu, ananiuliza kama chumvi imezidi. Nyumba nzima ilishajua, maana harufu ya sabuni haifichiki, lakini tulikubaliana wote, na hilo kwetu ni muujiza, kwamba hakuna atakayefungua mdomo mbele yake. Wakawa wanampita Mjane mlangoni kimya, kama watu wanaopita karibu na jeneza.

Ijumaa. Ukumbi umejaa, weusi wa majoho kila kona, Bibi mbele na mkoba wake mapajani. Nilianza vizuri. Nikafika kwenye picha ya Mjane, nikamtazama Bibi.

"Sampuli ya pili ya joho hili," nikasema, "ilichukuliwa baada ya joho kufuliwa."

Ukumbi ukaguna, ule mguno wa uwanjani penalti inapogonga mwamba. Sauti nyuma ikapiga kelele, "Nani kalifua?"

Sikuwa nimelipanga nililosema. Lilitoka lenyewe. "Mimi ndiye mkuu wa nyumba. Joho lilikuwa mikononi mwangu. Wa kulaumiwa ni mimi."

Na kiti cha mbele kikalia. Bibi kasimama.

"Muongo huyo!" akasema, akawageukia watu. "Huyu hata soksi zake hafui. Nimelifua mimi, kwa mikono hii. Lilikuwa linanuka beberu!"

Weh! Ukumbi ulipasuka. Watu walicheka mpaka wakashikana, na ninaapa nilimwona Profesa Alcina akitumia kicheko chake cha muhula. Lakini Bibi hakucheka. Alinigeukia, na sauti yake ikawa ndogo, ya mimi na yeye tu.

"Kwani nimefanya nini, Violante?"

Hapo nikaacha karatasi. Nikamweleza yeye. Wengine wakasikiliza. Nikamweleza kwamba joho ni kama mtungi wa chachu wa nyumbani, ule asiousugua ndani kwa sababu mkate unaishi humo. Nikamwonyesha picha ya kisahani cha kabla, kimejaa madoa ya rangi kama bustani, na cha baada, kitupu, isipokuwa mstari mmoja mwembamba uliootea kando.

"Na hawa?" akauliza.

"Hawa nimewatoa ndani ya mishono yako, Bibi. Pale sabuni haikufika."

Akautazama ule mstari muda mrefu. "Kumbe," akasema. Akakaa.

Nje, kwenye ngazi, alinishika mkono. "Wiki nzima huli, na mimi nakuuliza chumvi imezidi. Mbona hukuniambia?"

"Ulilifua kwa upendo."

"Hata kofi hupigwa kwa upendo. Siku nyingine sema."

Jioni, jua bado liko juu ya mto, nyumba ikakutana. Telmo ndiye aliyetoa hoja, kwa sauti yake ya mahakamani: Mjane sasa ni mtoto mchanga, hana historia, na anayestahili kuianza ni mmoja. Wote wakainua mikono. Wakamshusha, wakamwekea Bibi pindo mapajani, upande wa ndugu. "Na kwa desturi, Bibi, unaanza kwa meno," akasema Telmo.

"Meno haya ya kununua! Yakibaki kwenye nguo nitakulia nini?"

"Basi kwa mikono, Bibi."

Alilishika pindo. Mama huyu hajawahi kuchana nguo nzima maishani. Kwao hata gunia linatiwa kiraka. Alinitazama, akavuta pumzi, akachana. Hakuufungua mshono wake, alichana kando yake, padogo, upana wa ukucha tu.

Alichosema Profesa Alcina baadaye, na kwa nini leo nina funguo za maabara zinanilia mfukoni, njoo kesho nikusimulie. Kahawa naweka mimi. Leo niache hapa, kwenye mlio ule wa kitambaa. Mdogo, shoga. Ungekuwa unaongea usingeusikia.